Yah: Kulazimishwa Kumtazama Mama Mkwe Wangu Saa Mbili Mfululizo

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo ya cheo, maana kwa umri nimekutangulia. Ni mimi Optatus Ndahani, yule mwanafunzi mwenye mvi wa darasa la kuchora umbo la mtu. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Lubumbashi, nimechora simba kwenye bodi za malori manane, na hakuna trafiki aliyeyasimamisha bila kuwasifia simba kwanza. Kwa hiyo siandiki kwa kushindwa kuchora. Naandika kwa sababu mtu mliyemkalisha kitini tumchore muhula huu ni Mama Anyesi wa Chamwino, aliyemzaa mke wangu Restuta.

Malalamiko ni haya:

1. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Nikimwona njiani naingia porini, hata kama pori lina miiba. Miaka kumi na tisa ya ndoa namjua kwa sauti na kandambili. Sasa Mwalimu Reshma anasimama nyuma yangu: "Mzee Optatus, leo tunaanza na macho." Ya nani?

2. Nilipojitetea, akasema nisione mtu, nione duara, pembetatu na yai. Mkuu, sikupeleka ng'ombe Chamwino kwa ajili ya yai.

3. Kupima. Tunatakiwa kunyoosha mkono, penseli wima, na kufumba jicho moja ili kujua kichwa kinaingia mara ngapi mwilini. Nikafumba. Darasa zima likaona nimemkonyeza mama mkwe! Binti anayekaa kando yangu, Hana, akapaza sauti: "Baba, hapo mahari unalipa upya!" Tangu siku hiyo napima nimefumba yote mawili.

4. Nikaamua kuchora nilichoruhusiwa na mila: kandambili, pindo la kitenge, na kivuli chake sakafuni. Ile kandambili ya kushoto, iliyofungwa kwa waya, ungeweza kuivaa. Nimepewa alama tisa kwa mia na wino mwekundu: "Mtu yuko wapi?" Nikifeli tena mwezi huu nafutwa chuo, na cheti hicho ndicho nilichomwahidi Restuta siku nilipoacha malori.

5. Wiki ijayo tunafinyanga kichwa chake kwa udongo. Kidole changu kwenye pua ya mama mkwe, Mkuu! Nikiikosea, nimeitukana familia. Nikiipatia, nitaulizwa nimeijulia wapi.

Hivyo naomba aondolewe, na zile alama tisa zifutwe. Mkikosa mtu wa kukaa, nitakaa mimi, darasa linichore, nami nipewe mia kwa kufanana na mimi.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mlinzi wa getini, Mwalimu Reshma (sina kinyongo naye), na paka wa stoo ya udongo.

Wako katika sanaa na ukwe,
Optatus Ndahani

N.B. Nimempa Restuta anisahihishie barua, amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe hamkumtafuta mama yake. Alikuja mwenyewe kuomba kazi aliposikia niko darasa hilo, kwa sababu naye miaka yote ananikwepa kwa heshima, alitaka anione usoni japo mara moja, na anayechorwa huamriwa atazame mbele. Amemwambia binti yake, "Mkwe wangu ana sura ya huruma, ila hayo masikio!" Mkuu, msimwondoe. Alama tisa zibaki. Ninachoomba ni wiki mbili zaidi za kumchora. Leo asubuhi nimeinua macho, nimefika kidevuni.