Usukani wa Ijumaa

Jumatatu, 7 Julai. Marree, ukingoni mwa jangwa.
Safari imeanza! Bibi yetu Dulcie ametangaza sheria: anayekaa kiti cha mbele ndiye anayefungua na kufunga mageti ya mashamba njiani. Na atakayemridhisha kufikia Ijumaa ataendesha gari lake kwenye uwanda mkavu wa shamba la mjomba, ambako hakuna hata mti wa kugonga. Nautaka usukani huo kuliko kitu chochote. Nina miaka kumi na mitano na sijawahi kuwasha injini. Mdogo wangu Maeve ana kumi na mitatu na anaendesha trekta. Si haki. Lakini mimi nina daftari. Nimechora safu mbili za alama, yangu na yake.

Jumanne, 8 Julai.
Geti la kwanza. Hilo si geti. Ni fungu la seng'enge na vijiti linalojifanya geti. Nilikuwa nimesoma sura nzima kuhusu mageti ya aina hii. Kufungua, sawa. Kufunga, ndipo liliponikumbatia. Bibi alisubiri mpaka akamaliza chai ya chupa. Maeve akashuka, akalifunga kwa pumzi moja, akaniuliza, "Profesa, kitabu kilisema uanze kujifunga mkono au shingo?"
Alama moja kwake.
Jioni mkate uliookwa majivuni, na shira. Vipande vinne. Nyota nyingi mno, nilisahau kumchukia Maeve.

Jumatano, 9 Julai.
Bahati! Tulipita geti la chuma karibu na kisima. Limeachwa wazi kabisa. Mbele kidogo Bibi akasimama kupima upepo wa magurudumu. Maeve alikuwa amelala. Sheria naijua, kila mtoto wa huku anaijua: geti unaliacha ulivyolikuta. Lakini nikawaza, labda ni watalii waliopita, wamesahau tu. Nikarudi kwa miguu, nikalifunga. Mnyororo nikauzungusha mara mbili.
Nimejipa alama tatu.

Alhamisi, 10 Julai.
Tunakunywa chai, redio ya mawasiliano ya gari, ambayo jangwa zima huisikiliza, ikakoroma. Bi Noeline, mwenye shamba tulilopita jana, alikuwa angani kwenye kindege chake akikagua mifugo. Sauti ya upole. Upole wa kutisha.
"Nani mstaarabu aliyenifungia geti la kisima? Ng'ombe wangu sitini wanaliangalia hori la maji kama picha ukutani."
Bibi akaitazama chai yake. Maeve, aliyekwisha kuchungulia alama zangu tatu daftarini, akanitazama mimi. Angeweza kusema. Akajimiminia chai tu.
Nilifikiria kuusingizia upepo. Ila upepo hauzungushi mnyororo mara mbili. Usukani basi, kwaheri. Nikashika kipaza sauti. Mimi, ambaye hata darasani huitikia jina langu kwa kunyanyua kidole!
"Ni mimi, mama. Naitwa Ewan. Nilidhani nasaidia. Tunarudi kulifungua sasa hivi."
Kisha dereva wa lori, sijui yuko wapi, akasema nisijali, yeye alishawahi kumfungia mama mkwe nje ya geti, na hakurudi kulifungua.
Kilomita arobaini na mbili kurudi. Ng'ombe wakanipita bila kunisalimu. Walikunywa mpaka mimi nikaona kiu. Bi Noeline akamwambia Bibi redioni kwamba kwa miaka thelathini mageti yake yamekuwa yakijifunga yenyewe. Mimi ndiye mkosaji wa kwanza kujitokeza.

Ijumaa, 11 Julai. Kwa mjomba.
Bibi hakutaka hata kuliona daftari. Alinitupia ufunguo, akasema anayeweza kukiri mbele ya jangwa zima anaweza kukabidhiwa gari.
Nimeendesha! Kilomita sita, gia ya pili, nzi wawili ndani ya miwani. Maeve alinishangilia kwa kejeli, halafu kwa kweli.
Nimetafakari sana somo la wiki hii. Kumbe mageti hayana faida yoyote. Kinacholipa ni kukiri. Zamu ya usukani ya kesho bado haijapangwa, kwa hiyo nimeorodhesha makosa matano madogo. Nitaanza na koleo la kuchimbia choo hapa kambini. Tunalo moja tu. Nitalificha alfajiri, kisha nitakiri tukinywa chai. Bibi huamka mapema na kulihitaji, lakini nadhani atasubiri.