Waya wa Buluu na VLAN ya Laazizi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku tisa za ndoa! Nimeamka nikamkuta mke wangu anachana nywele dirishani, nikasahau viatu vyangu viko wapi. Nimefika kiwandani nimechelewa dakika ishirini, soksi moja nyeusi, nyingine ya kijani. Sijuti.

Nimeanza kujuta saa nne, meneja aliponiita. Meneja wetu ni mama asiyepandisha sauti, ndiyo maana sote tunamwogopa. Kasema wauzaji wa dukani wamegundua ukurasa wa kuingilia kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, kilichoko stoo nyuma ya magodoro ya futi sita. Mmoja wao anajaribu nywila kila siku kama anayecheza bahati nasibu. Kwa hiyo njia ya kuisimamia swichi itengwe, iwe na VLAN ya peke yake. Kazi yangu hiyo, mimi ndiye fundi wa mtandao.

Mchana mke wangu kaniuliza kwenye simu VLAN ni mdudu gani. Nikamweleza: swichi ni nyumba moja, VLAN ni vyumba. Wa chumba hiki hamwoni wa chumba kile. Akasema basi na sisi tutafute VLAN yetu, mama asitusikie tukicheka. Mama yake yuko kwetu tangu harusi. Jamani, mke huyu!

Sharti la meneja: Ijumaa nimwonyeshe kazi imekamilika, Jumamosi niende likizo. Wiki nzima kwenye nyumba ya shangazi yake, kando ya ziwa! Shangazi anatuachia wiki hiyo moja tu, kisha wanaingia wapangaji. Kuna kibaraza na viti viwili. Mke wangu ameshapanga nani atakaa kipi.

Meneja kaongeza kwamba Profesa anisaidie. Profesa ni fundi umeme wetu, anayevaa tai juu ya ovaroli. Nimejibu ndiyo, mama. Moyoni nimesema thubutu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Kazi ya siku nne niimalize kabla ya chakula cha mchana, bila Profesa, niwahi nyumbani.

Nikaunda VLAN. Namba 26, tarehe ya harusi yetu. Jina, LAAZIZI. Machozi yalinilenga. Nikaiweka kompyuta yangu ya ghorofani humo, nikajiandaa kuihamishia humo anwani ya swichi pia, yaani mlango wa kuisimamia.

Profesa akachungulia begani kwangu. Akauliza, bwana harusi, ule waya mkuu wa kutoka stoo kuja huku juu umeuruhusu kuipitisha hiyo 26? Akasema tena, bonyeza "tumia" tu, usihifadhi mpaka uingie kwanza kwa njia mpya. Mambo yakiharibika unazima, unawasha, yanarudi yalivyokuwa. Nikamwambia akaangalie taa zake.

Mke wangu akatuma ujumbe: chakula kinapoa, na mimi napoa. Nikabonyeza "tumia na uhifadhi", vyote kwa mpigo.

Kimya. Ukurasa mweupe kama shuka. Nimeshuka stoo na kompyuta ndogo, nikaichomeka kwenye matundu yote ishirini na nne. Yote ni ya vyumba vya zamani. Laazizi yuko ndani, ufunguo uko ndani, mimi niko nje.

Limebaki tundu moja lisilojali VLAN, la waya wa konsoli, ule wa kuongea na swichi moja kwa moja. Ni waya bapa, wa buluu. Ninao! Uko chumbani kwetu, umefunga pazia. Mke wangu aliipenda rangi yake, akaupiga fundo kama ua. Niliporudi nyumbani nikalitazama ua lile, nikashindwa kulifungua. Nani angeweza?

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nilijiambia labda haikuhifadhi sawasawa. Nizime swichi, niwashe, nione. Lakini nikichomoa waya wake, mlinzi wa stoo ataniona. Nikaona heri umeme "ukatike" wenyewe. Nikashusha kikata umeme cha stoo, nikahesabu hadi kumi, nikapandisha.

Kumbe kikata umeme hicho ndicho cha mashine ya kukatia magodoro! Imesimama katikati ya godoro la futi tano. Godoro limetoka na pengo kama mkate ulioumwa. Msimamizi wa mashine kapiga kelele hadi dukani wakasikia, akauliza huyu fundi umeme tunamlipa afanye nini, avae tai?

Profesa alisimama pale, tai imepinda, akisema ataangalia tatizo liko wapi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Swichi ilikuwa imehifadhi vizuri kabisa.

Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia ni mapenzi. Akafurahi. Nikazidi kujuta.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mapenzi pembeni, nauchukua waya. Nikaomba ruhusa saa sita, nikakimbia nyumbani. Pazia linapepea, limefungwa na utepe mwekundu!

Mke wangu akaja akicheka, akaniambia nifumbe macho, ana habari njema. Sanduku letu kubwa limetangulia. Shangazi amepita asubuhi kwa gari akaenda nalo ziwani, tusihangaike na mizigo Jumamosi. Kufuli lilikuwa bovu, basi mke wangu akalifunga sanduku kwa ule waya wa buluu, mizunguko minne, imara kweli. Akauliza, nimefanya vizuri, mume wangu?

Nikasema sana. Ningesema nini? Alikuwa ananitazama kwa yale macho.

Mama mkwe, akiwa jikoni, kauliza kwa sauti kama siku hizi kiwandani watu hawafanyi kazi mchana.

Profesa anao waya wa konsoli, namwona nao mfukoni kila siku. Ningemwomba ingekuwa dakika tano. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nimemuuliza saa. Mara ya pili nimemuuliza saa tena.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Siku mbaya kuliko zote za ndoa yangu.

Meneja kaja mezani kwangu, kakaa, kasema haya, nionyeshe. Nimemwonyesha ukurasa mweupe. Nikasema mtandao ni mzito. Akasema atasubiri. Amesubiri! Mama wa watu amekaa dakika kumi na mbili mikono mapajani. Nikakiri.

Profesa kaitwa. Tumeshuka stoo wote watatu. Katoa waya wake, kauchomeka, kaandika mistari michache, akairuhusu 26 kwenye waya mkuu. Dakika nne. Meneja kaikodolea skrini, kauliza kwa upole Laazizi ndiye nani hapa kiwandani. Wapakiaji wawili wakaangua kicheko nyuma ya magodoro.

Likizo imesogezwa hadi mwisho wa mwezi. Wiki ijayo nitakuwa chini ya Profesa, nijifunze. Nikasema mama, nyumba tumepewa wiki hiyo tu. Akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli.

Meneja alipoondoka, Profesa kaniambia taratibu kwamba kikata umeme hakijishushi chenyewe, na kwamba hajamwambia mtu. Kisha kanipa ule waya. Kaa nao, bwana harusi, kasema, mimi nina kichwa, wewe una mke. Nilitamani sakafu inimeze. Nikaapa: waya huu hautatoka mfukoni mwangu.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nguo zake zote ziko ziwani, kwa hiyo mke wangu ameenda. Kwenye kiti changu cha kibarazani atakaa mama yake.

Jana usiku nilimweleza yote. Kwenye kituo cha basi aliniuliza swali moja tu. Kwa nini sikumwomba Profesa ile Jumanne? Sasa hivi tungekuwa tumekaa pamoja, mimi dirishani, wewe huku. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Nilishika mkono wake dirishani mpaka kondakta aliponiomba niachie gari.

Kitu kimoja kilinifariji. Zipu ya begi la mama mkwe ilipasuka palepale, vitenge vikachungulia nje. Bila kufikiri nikauchomoa waya wa Profesa, nikalifunga begi mizunguko minne. Mama mkwe kanitazama juu hadi chini, kasema kumbe mwanangu amepata mtu. Mara ya kwanza ananisifu! Mke wangu akatabasamu. Tabasamu lile nimerudi nalo hadi nyumbani, kwenye nyumba tupu.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nimelalia upande wake.

Lakini nimepata mpango! Nikimwonyesha meneja leo kwamba nimeiva, huenda akaniachia Jumatano nimfuate mke wangu. Nimeamua kuongeza ulinzi: swichi ikubali anwani moja tu ya kompyuta, yangu, hata Profesa asiingie. Anwani nimeiandika kwa kichwa, herufi na tarakimu kumi na mbili, naikumbuka vizuri. Mke wangu alikuwa anapiga simu, kwa hiyo nimebonyeza "tumia na uhifadhi" nimpokee.

Anasema ziwa ni zuri.

Ukurasa bado unazunguka. Nadhani mtandao ni mzito leo. Profesa amepita, kauliza kama waya wake uko salama. Nimemwambia uko mahali pazuri sana.