Chumba Upande wa Pili wa Mlima

Jumatatu, 3 Februari

Kosa la watu wengi ni kutafuta chumba pale pale wanapokwenda kuteleza kwenye theluji kwa skii. Wanataka wafungue dirisha waone viti vya waya vya kupandisha watu mlimani vikipita puani. Wenye hoteli wanalijua hilo. Watakutoza kitanda, watakutoza dirisha, na theluji ya juu ya paa nayo watakutoza. Mwenye akili huanza na ramani. Nimefundisha jiografia hapa Pueblo hadi nikastaafu. Ramani ya Colorado naijua kuliko kiganja changu. Naandika haya ili wajukuu wafaidike.

Hali ilivyo: binti yetu Karin anakuja kutoka Houston pamoja na Opal, mwanawe wa miaka minane, ambaye hajawahi kukanyaga theluji. Wanakuja wikiendi ya Siku ya Marais, sikukuu ya Februari, nchi nzima ikiwa mlimani. Karin nilimfundisha kuteleza mimi, Mlima Harrow. Opal nitamfundisha mimi. Hilo halina mjadala.

Lina mjadala. Lowell, kaka wa mke wangu, ana fleti chini kabisa ya Harrow, na amewaalika wote. Sharti lake ni kwamba mtoto atamfundisha yeye, maana eti mimi nafundisha kwa mdomo! Karin amenipa hadi Jumapili. Nikipata pa kulala panapolingana na pensheni ya mwalimu, tunakwenda kwa mpango wangu. Nisipopata, kwa mjomba.

Marlys, mke wangu, amenikumbusha kwamba fleti ya Lowell ina beseni kubwa la maji moto la kujiloweka. Nikamwambia heshima haihitaji beseni. Akasema magoti yake yanahitaji.

Jumatano, 5 Februari

Wazo bora kabisa. Kanisa la Walutheri la mjini Harrow hulaza kwaya za wageni bure ukumbini, mradi ziimbe Jumapili. Nimeandikisha Kwaya ya Familia ya Haugen, yaani sisi.

Mchungaji alipiga simu baada ya chakula cha mchana. Alitaka kujua tuko wangapi. Wanne. Akauliza kama tunaimba sauti nne. Nikamweleza kwamba idadi ya sauti si sawa na ubora wa sauti, kisha nikampa historia ya kwaya ndogo huko Norwe. Akaomba kusikia kidogo. Nikaimba besi. Marlys alitoka nje bila koti.

Mchungaji akasema amekumbuka kwamba ukumbi unapakwa rangi.

Alhamisi, 6 Februari

Jirani yetu Dale ana gari la kulala ndani, na yuko tayari kutuazima. Vijana wanaopenda skii hulala maegeshoni msimu mzima, na wana afya nzuri. Marlys amesema mifupa yake imeshamaliza utumishi wa kambini. Ili kumwonyesha, nikaenda kulala usingizi wa mchana ndani ya gari hilo, uani kwa Dale.

Mlango uliganda. Nilieleza tatizo kupitia dirishani, kwa utulivu, kwa sauti kubwa. Marlys akaja na birika la maji moto. Dale akaja na kamera.

Jioni Lowell akapiga simu kuuliza kama samaki kwenye jokofu hajambo. Picha imemfikiaje?

Jumamosi, 8 Februari

Ushindi!

Nilitandaza ramani mezani, nikaweka kidole gumba juu ya Harrow. Upande wa pili wa mlima, upana wa kidole tu, pana mji mdogo uitwao Candle Creek. Kati yake na Harrow pana barabara ya Dunmire, inayopanda juu ya mgongo wa mlima na kushuka. Naijua! Nimeipita kila mwaka na wanafunzi wangu, na kila kona nina somo lake. Na gesti ya Candle Creek ina nafasi. Wikiendi ya Marais, ina nafasi! Vyumba viwili, jiko la kuni, chai ya asubuhi, kwa bei ambayo Harrow hupati hata taulo.

Mbona watu hawajagundua? Kwa sababu hawasomi ramani.

Mwenye gesti, Bi Trujillo, ni mama mwema ila ana papara. Aliniuliza tutatelezea wapi. Nikasema Harrow. Akaanza, "Harrow? Lakini mwalimu, barabara ya Dunmire..." Nikamwambia asiwe na hofu, naifahamu tangu yeye hajazaliwa, nikamweleza jinsi safu ile ya milima ilivyoinuliwa kutoka chini ya bahari. Akajaribu tena. Nikaongeza mmomonyoko. Mwishowe akasema haya, karibuni.

Karin amekubali. Lowell ameshindwa.

Jumanne, 11 Februari

Lowell amepata habari. Akataka nirudie jina la mji. Nikarudia. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Shemeji, gari lako limeota mabawa lini?" Wivu huo. Mtu akishalipia fleti ghali, habari ya gesti humuuma.

Bi Trujillo naye ameacha ujumbe, tena kuhusu barabara. Sikumpigia. Asije akadhani nina wasiwasi.

Ijumaa, 14 Februari

Tumefika. Gesti safi, jiko linawaka. Chakula cha jioni kilikuwa mchuzi wa pilipili za kijani na nyama ya nguruwe, mzuri hata kwetu Pueblo, mji wa pilipili, usingetiwa dosari. Opal amevaa miwani ya skii tangu Houston. Amekula nayo.

Bi Trujillo akaniomba pembeni, kuna jambo kuhusu kesho. Nikajua ni hali ya hewa, nikamwelezea mawingu. Akamtazama Marlys. Marlys akamwambia, "Dada, mimi nimejaribu tangu ndoa."

Jumamosi, 15 Februari

Tulitoka asubuhi, Karin kwenye usukani, mimi nikieleza. Baada ya nyumba ya mwisho, geti. Geti la chuma, limeziba barabara nzima. Nyuma yake theluji imefika kifuani.

Opal, ambaye anapenda kusoma vibao, akasoma kwa sauti: barabara imefungwa tangu Novemba, itafunguliwa mwisho wa Mei. Akasoma tena. Nikawaeleza kwamba lazima kuna kosa, maana mimi nimepita hapa kila mwaka. Marlys akauliza, mwezi gani. Juni. Kila mwaka? Kila mwaka, shule zikifungwa.



Karin akauliza kuzunguka mlima ni muda gani. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Akampigia mjomba wake. Lowell alipokea kabla simu haijaita vizuri. Nilimsikia: wamlete mtoto, beseni lina maji moto, mwalimu wamwache afundishe geti. Karin akaanza kugeuza gari. Opal akaivua ile miwani. Hapo ndipo iliponiuma.

Basi nani akatokea? Bi Trujillo, juu ya mbao zake za skii, na nyuma yake nusu ya mji: mabibi, mbwa, vichanga ndani ya sleji za kuburuta. Wakalizunguka geti kana kwamba halipo. Akatwambia barabara imefungwa kwa magari, na ndiyo maana wanaipenda. Mpaka kona ya kwanza theluji wameishindilia, mteremko ni mpole, hauna waya wala tiketi, na kila mtoto wa Candle Creek amejifunzia hapo. Alitaka kuniambia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia angepaza sauti.

Karin akasema saa moja tu. Opal asipoteleza, wanakwenda kwa mjomba.

Nikamvalisha Opal mbao za skii, nikampandisha juu kidogo, nikamshika mabega. Nikaanza na asili ya skii. Akasema miguu inaganda. Nikaingia kwenye msuguano, kisha uzito wa mwili. Nilipoinua mikono kumwonyesha pembe ya mteremko, mabega hayakuwa mikononi tena.

Akaenda! Magoti yamekunjwa, polepole, wima, akiita "Babu! Babu!" hadi akasimama mwenyewe karibu na geti. Nikamkimbilia. Hatua mbili, nikaanguka kifudifudi. Nilipofuta theluji machoni, alikuwa ameshapanda kunifuata, mashavu mekundu. Akasema, "Babu, nifundishe tena. Lakini usiseme kitu."

Nikamfundisha hivyo mchana kutwa. Ni vigumu kuliko inavyoonekana.

Lowell alipopiga tena, Karin alizima simu mjomba akiwa bado anaongea. Akaniambia, "Baba, hata mimi uliniachia hivyo hivyo, ukieleza." Sikumbuki. Itakuwa ni mbinu.

Jumatatu, 17 Februari

Nyumbani. Wageni wamepanda ndege, Opal na miwani yake usoni.

Nimetafakari safari hii kwa utulivu, na funzo lake liko wazi: ramani haikosei. Kwa hiyo nimeitandaza tena, kwa ajili ya mwakani. Opal yuko tayari kwa mlima mkubwa. Na nimepata! Nyumba nzima kando ya Ziwa Ansel, bei ya kutupa, na ng'ambo yake kabisa, upana wa kidole gumba, uwanja wa skii wenye viti vya waya. Katikati ni maji tu, na kuna feri. Naijua feri hiyo. Mimi na Marlys tumeipanda kila Julai.

Mwenye nyumba, Bi Pruitt, naye ana papara. Alianza kusema jambo kuhusu feri na barafu. Nikamweleza jinsi maziwa ya milimani yanavyotokea. Akanyamaza kabisa, kwa heshima.

Marlys ameuliza swali moja tu, kuhusu miezi. Nimemwambia asianze.

La kufanya leo: tuma malipo ya awali kabla ya saa sita mchana.