Maswali ya Kompyuta Yananizuia Kupiga Deki

Kwa Meneja wa Ofisi ya Watengeneza Programu,
Ghorofa ya Tatu.

Shikamoo. Kama umri wangu umekupita, ipokee tu. Hii ni ya cheo.

Mimi ndiye mpiga deki wako. Nimewaacha mke na mtoto mchanga mbali ili nije kusafisha sakafu, na sasa kazi hiyo inaniponyoka. Msimamizi wa usafi amenionya: akikuta tena chumba cha kompyuta hakijaguswa, nifungashe virago. Mimi si mvivu. Vijana wako ndio hawaniachi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wananiuliza maswali. Yule wa pembeni mnayemwita Mabano huzungusha kiti na kusema, "Mjomba, hebu nisikilize. Kwangu programu inakwenda vizuri, kwa mteja inakufa. Kwa nini?" Mimi si mjomba wake, mama yake simjui. Na shule tuliachana mapema. Najibu, "Sijui, baba. Halafu?" Anaendelea kueleza, ghafla anajipiga paji la uso: "Ahaa! Mjomba, wewe kiboko!" Anarudi kwenye kibodi, mimi nabaki na mopu inayochuruzika. Habari zimeenea. Sasa wanapanga foleni.

2. Dada wa dirishani alitaka kujua kuna faida gani kwa kipande cha programu kinachojiita chenyewe. Nilimwambia kwetu mtu anayejiita na kujiitikia hupelekwa kupimwa. Akanishukuru, akafuta kazi yake ya wiki nzima. Sikulala vizuri.

3. Wawili waligombana: mstari wa programu usogezwe ndani kwa kitufe kimoja au kwa nafasi tupu nne? Wakanifanya hakimu. Nimeona watu wakigombea shamba, mke, hata kitanda cha bweni. Nafasi tupu, ndiyo kwanza. Niliamua kitufe kimoja, kwa sababu mgongo unaniuma na napenda njia ya mkato. Aliyeshindwa hanisalimu, na hudondosha makombo ya biskuti pale nilipokwisha kufagia.

4. Mwingine alifungua programu ya kuandikia akashindwa kuifunga. "Mjomba, humu watu wanatokaje?" Nilikuwa nimechoka, nikamwonyesha swichi kubwa ya umeme ukutani. Akatoka. Wakatoka wote. Kelele za siku ile ulizisikia mwenyewe.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Mke wangu alipiga simu kusema mtoto analia hanyamazi. Nami, bila kufikiri, nikamwuliza kama vijana wako wanavyoulizana programu ikifa, "Kabla hajaanza kulia, ulibadilisha nini?" Kisha akasema, "Huyo anayekufundisha maneno hayo ni nani? Anaitwa nani?" Nikamjibu ni Mabano. Akakata simu.

Kwa hiyo naomba uwakataze kabisa kunisemesha. Na kama ni lazima waseme na kitu ndipo akili zifunguke, wanunulie kitu. Hawahitaji majibu yangu, maana sina. Hata ndoo ingewafaa, ila si ya kwangu, ina kazi.

Wape salamu wote wa ghorofa yako, na yule wa makombo pia, mwambie sina kinyongo ila nina ufagio.

Wako mwenye kuomba kuachwa,
Mpiga Deki.

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii, Mabano amekuja na bata wa plastiki, wale wa kuogeshea watoto. Amemweka mezani, anamweleza kila kitu. Dada wa dirishani naye amekwenda kumwazima. Jana nilimaliza chumba chote mapema, msimamizi akanisifu, nikapiga deki mara ya pili. Hakuna aliyeniita mjomba. Nilisimama nyuma ya Mabano kwa muda. Lilikuwa swali zuri sana, na bata alikuwa anatazama dirishani. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu na umwondoe bata huyo. Hana hata adabu ya kutikisa kichwa.