Nyasi za Heshima Katika Ghala la Kahawa

Bukoba, Jumatatu, 3 Machi 1952

Kwako Kokuberwa,

Barua imetoka bomani. Ghala letu la kahawa si hoteli! Jengo lililojengwa kwa kazi moja halipewi kazi nyingine mjini bila ruhusa; na hoteli sharti iwe na choo, madirisha mawili na sakafu ya saruji. Choo kipo. Madirisha nimetoboa. Saruji sina. Jirani yetu Zahoro, mwenye hoteli ya pekee mtaani, akauliza kama wateja wangu watakaa juu ya magunia. Acha acheke. Kibao tayari: HOTELI YA KOKUBERWA, herufi nyekundu. Nilikuahidi ukiwa hai, ukichambua kahawa humo na kuimba.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili! Bwana Afya anakuja kukagua keshokutwa. Nitatandika nyasi, kama kwetu Buganguzi anapokuja mgeni mkubwa. Nani atafukua nyasi za heshima kutafuta saruji? Dada yako Alistidia akasema shemeji, uzee umekuingia kichwani. Lakini alitandika yeye mwenyewe. Zinanukia! Ungejivuna.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Afya ni Ishengoma, Mhaya, tena aliyelelewa vizuri. Hilo sikulifikiria. Alipoona nyasi alisimama mlangoni, akasifu, akavua viatu. Akavua na soksi! Hatua tatu, akatulia. Akauliza, mzee wangu, mbona saruji yako laini? Akainua mguu: udongo mwekundu, uliolowa mvua ya usiku, mpaka kifundoni. Nikasema ni saruji mpya, haijakauka. Alistidia akakimbilia nje kucheka. Zahoro akachungulia dirishani, dirisha nililotoboa mwenyewe, akanipa pole. Ruhusa imekataliwa. Lakini Ishengoma alisema tangu mama yake afariki hajakanyaga nyasi zilizotandikwa vizuri hivi. Nimetembea mtaani kifua mbele hadi jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Zahoro amekuja. Ana mifuko ya saruji iliyobaki. Nichukue bure, anasema, kwa ajili ya marehemu aliyemuuguzia mtoto. Nikakataa. Jina lako lisimame juu ya saruji ya Zahoro? Hata kidogo!

Tena kosa nimeliona. Si sakafu, ni viatu. Nimeomba upya, na Ishengoma anarudi kukagua Jumatatu ijayo. Nitamwaga ndoo sita za maji mlangoni. Nani atavua viatu kwenye matope?

Kibao nimekifuta vumbi. Huko uliko, mke wangu, unikumbuke.