Ombi la Kung'olewa kwa Mti Ulioniponya

Kyimo, Rungwe
Machi 1994

Afisa Misitu wa Wilaya,
Tukuyu.

Ndugu Afisa,

Mimi ni mkulima wa ndizi na chai, mtu mzima, na sina kawaida ya kuisumbua serikali. Lakini miti mliyotugawia, ile ya majani membamba na matawi ya kuinama, imenifikisha mahali pabaya. Mtaalamu wa mradi aliuita mti huo wilo, akasema ni mti wa kila kazi. Kwa masikitiko nathibitisha kwamba alisema kweli.

1. Mti huu haukubali kufa. Nilikata nguzo nikajengea choo, na kwa mvua zetu hizi nguzo zikachipua. Sasa choo changu ni kichaka. Mchungaji alipotutembelea alikizunguka, hakuona mlango, akaenda kujisaidia kwa jirani.

2. Fito zake hupindika bila kuvunjika. Mke wangu Elina akaligundua hilo, akaanza kusuka vikapu vya kuchumia chai, na wachumaji wanavifuata hata kutoka Kinyala. Najua nchi imeingia soko huria, ila sikusikia redioni kwamba ruhusa hiyo inamhusu na mke wangu. Siku za soko yeye yuko Tukuyu, nami nakuta ndizi zimefunikwa chunguni, zimepoa. Inaniuma, siwafichi.

3. Hili ndilo kubwa. Tangu ujana wangu nina maradhi ya kichwa. Huanza msimu wa kulima unapofika, hunizidia asubuhi, na familia nzima ilikuwa ikiyaheshimu. Mtaalamu wenu, bila kushauriana nami mwenye kichwa, akamfundisha Elina kuchemsha magome ya wilo. Dawa hiyo ni chungu kiasi kwamba nikionyeshwa kikombe tu napata nafuu. Hapo Elina hushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Baba Nsajigwa, umepona. Jembe liko mlangoni." Na mpini wa jembe hilo ni wa wilo!

4. Nyumbani kwangu tulikuwa na chama kimoja. Sasa kuna upinzani, na umeoteshwa na miche ya serikali.

Kwa hiyo naomba mlete watu wang'oe miti yote pamoja na mizizi, choo kikiwemo.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mama watoto, na yule mtaalamu pia, maana sina kinyongo.

Ni mimi niliyechoshwa na maendeleo,
Ambindwile (Baba Nsajigwa)

N.B. Barua hii anaileta jirani yangu Jairo. Elina yuko hapo sokoni tangu asubuhi. Kuandika kumenipa kichwa, na safari hii ni cha kweli, hata mwanga siutaki. Nimejaribu kuchemsha magome mwenyewe, sijui kipimo, nimeunguza sufuria yake. Tafadhali msing'oe hata mti mmoja. Tumeni mtu sokoni amwombe Elina arudi nyumbani haraka, ila asimwambie ni kichwa. Hataamini.