Kalamu za Darasa la Tatu

Jumatatu, 12 Juni 1967

Mambo ni moto. Bwana Obwocha, mwalimu wetu wa chuo, ametuma barua. Ijumaa saa nne atapanda huku Manga kunitazama nikifundisha. Ni mara ya pili na ya mwisho. Mara ya kwanza aliandika "Hafifu", akapiga mstari chini, mara mbili! Nikianguka tena narudia mwaka mzima. Na Mama ameshatangaza kanisani kwamba mimi ni mwalimu. Sokoni Birongo wanamwita mama mwalimu. Sianguki. Nina mpango.

Mwalimu mkuu, Mzee Nyangate, amesema sisi wa chuo twende ofisini kwake kila jioni, atusaidie maandalio ya masomo. Drusilla Kwamboka, mwenzangu wa mazoezi, ameenda mbio na daftari lake. Mimi nimesema mgongo unauma. Mtu mwenye mpango anasaidiwa nini?

Jumanne, 13 Juni

Mpango wenyewe: somo moja tu, Kiswahili, darasa la tatu. Lilelile kila siku mpaka Ijumaa. Nainua kalamu, nauliza hii ni nini, watoto arobaini wanajibu pamoja. Obwocha atadhani wamezaliwa wakijua! Leo wamejibu mpaka mabati yakatetemeka.

Drusilla alikuwa dirishani. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, nichunge l yangu, inatoka r. Alaa! Mimi! Nikamwambia l yangu imenyooka kama ya mtu wa Mombasa. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yangu hayana ugonjwa wowote.

Jumatano, 14 Juni

Mzee Nyangate naye! Amenisimamisha uwanjani, akanishauri kila asubuhi nikinawa uso niseme lala, lala, lala, mara ishirini. Mtu mzima nilalelale kwenye karai? Nikamshukuru kwa heshima zote, nikapita.

Nimeboresha mpango. Obwocha hupenda vifaa halisi. Drusilla anachora picha kutwa. Picha! Mimi nitakuwa na vitu vyenyewe. Nimewaambia watoto kwamba Ijumaa kila mmoja aje na kalamu, asiye nayo asikanyage hapa, na wazazi waambiwe mgeni mkubwa anakuja. Bitutu, kale kasichana ka dawati la mbele, akauliza kama lazima iwe kubwa. Nikasema yoyote, ila ikiwa kubwa mwalimu atafurahi zaidi. Akauliza kama nyanya yake anaweza kuibeba. Watoto wa huku wana maswali!

Drusilla akashauri niliandike neno hilo ubaoni. Nikamwambia chaki ya serikali haichezewi.

Alhamisi, 15 Juni

Furaha tupu. Njiani wazazi wananisalimu kwa tabasamu. Mzee Ratemo, mzee wa kanisa letu, amenishika mkono asiuachie. Amesema hajawahi kuona mwalimu mwenye moyo kama wangu, na kwamba jambo hili limo hata katika Biblia, kule arusini Kana. Sikukumbuka kalamu yoyote ya Kana. Nikasema amina.

Ijumaa, 16 Juni

Mungu wangu!

Saa nne kamili Obwocha amekaa nyuma ya darasa, karatasi mkononi, matope mpaka magotini. Pikipiki ilimkwamia njiani na hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Watoto kimya. Natazama madawati: hakuna kalamu hata moja! Kabla sijafoka, mlango ukafunguka. Akaingia nyanya wa Bitutu na sufuria ya matoke kichwani. Nyuma yake mama mwenye ugali wa wimbi. Nyuma yake mboga za chinsaga, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na jogoo mzima, anawika. Wazazi hawakuisha! Mzee Ratemo akatuomba tusimame, akamshukuru Mungu kwa karamu ya mwalimu.

Karamu! Mimi nilisema kalamu. Nilijisikia nikisema kalamu!

Nikauona mwaka mwingine chuoni, nikauona uso wa Mama pale sokoni, nikataka kulia kweli. Kwa kukosa la kufanya nikainua kalamu yangu, nikauliza hii ni nini. Darasa zima likanguruma: hii ni karamu! Jogoo naye akaitikia. Obwocha akafunika uso kwa karatasi, mabega yanamcheza.

Ndipo Drusilla akapenya katikati ya masufuria, akanitia chaki mkononi, akaninong'oneza niandike yote mawili. Nikaandika. Kalamu. Karamu. Yeye akawaonyesha watoto ulimi unapogusa. Nikainua kalamu, wakasema la! Nikainua sufuria, wakasema ra! Wazazi nao wakajiunga. Nyanya wa Bitutu aliipata mara ya tatu, akapigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa nikiinua tu.

Kisha tukala. Obwocha alimaliza sahani tatu, akaandika: "Vifaa halisi: sijapata kuona mfano wake. Amefaulu. Kila jioni aende kwa mwalimu mkuu kujifunza l na r. Amshukuru mwenzake." NIMEFAULU! Niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti, na hata sikuumia.

Jumamosi, 17 Juni

Sabato njema kuliko zote. Mama amelia kwa furaha, akanikumbatia mbele ya watu. Nimetafakari sana, nikauona ukweli: yote yametokana na mpango wangu. Bila mimi, karamu ingetoka wapi? Kwa Mzee Nyangate sidhani nitaenda. Mgongo umeanza tena.

Baada ya ibada nilisimama kuwashukuru wazazi. Na mimi si mchoyo! Nikatangaza kwamba Ijumaa ijayo, saa nne, kila mtu mzima, mume kwa mke, aje shuleni kwa kula. Drusilla akashika kichwa. Wazee wakapokea kwa uzito mkubwa, wakaanza kunong'onezana. Mzee Ratemo akanivuta pembeni, akaniuliza wagombea ni akina nani, na kama sanduku litatoka kwa chifu.

Sanduku la nini? Hata wazee wa huku wana maswali!